Magofu ya Nyuma ya Meza ya Mironas

Kijiji cha Anemospita kina magofu mazuri kuliko vijiji vyote vya upande ule wa Krete. Hilo halina ubishi, maana hakuna mtu aliyeyaona akaweza kubisha. Yako juu ya kilima cha Trohalos: nyumba ya tajiri mmoja wa zamani sana, aliyeishi na kufa kabla Wagiriki hawajaanza kujiita Wagiriki. Serikali iliyafukua, ikayazungushia seng'enge, ikaweka geti moja, ikampa ufunguo Mironas Vardakis, ikaenda zake mjini. Kosa la serikali lilikuwa moja tu. Geti ililiweka nyuma ya ua wa Mironas, hatua chache kutoka kwenye kivuli cha mzabibu wake, na mtu akitaka kulifikia ni lazima apite mezani.

Mironas alikuwa mtu wa masharubu na buti, shati jeusi majira yote, kifua mbele kama jogoo aliyeoa mara mbili. Kazi ya ulinzi aliipata kwa njia ya jembe. Baba yake alikuwa analima pale kilimani, jembe likagonga kitu, mzee akakitukana kitu hicho na ukoo wake wote. Kumbe ni mdomo wa mtungi wa maelfu ya miaka. Walipokuja wataalamu, mzee aliwapa shamba akaomba jambo moja, kwamba mlinzi awe mwanawe. Basi Mironas akaacha kondoo akawa mtu wa serikali. Alipewa kofia, alipewa filimbi ya kuwapulizia wageni watakaokaa juu ya kuta. Kofia aliivaa kanisani. Filimbi aliitumia kwa mbuzi, kwa kuwa hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kukaa juu ya ukuta.

Na hawakukaa kwa sababu hawakufika.

Mambo yalikwenda hivi. Mgeni anatoka pwani na gari la kukodi, kapinda kona zote za mlima, shingo imeungua jua, anauliza magofu yako wapi. Anaelekezwa kwa Mironas. Mironas anasimama, anamkaribisha, anamvutia kiti. Sasa kule Krete mgeni haulizwi kama ana njaa. Ukimuuliza ni sawasawa na kumwambia unaomba Mungu aseme hapana. Mgeni analetewa. Kwanza glasi ndogo ya raki, ile pombe yao ya maganda ya zabibu ambayo inaonekana kama maji mpaka ishuke. Halafu zeituni, maana raki hainywewi kavu. Halafu jibini, maana zeituni zimeletwa. Halafu Argiro, mkewe Mironas, anatoka jikoni na sahani ya konokono waliokaangwa na siki, na mgeni anayetoka nchi za baridi anawatazama wale konokono, nao wanamtazama, na hapo inabidi aongezewe raki ya kumpa moyo. Mara mkate mkavu wa nyanya. Mara jirani anapita, anaitwa. Mara mtu kakumbuka kinanda chake cha nyuzi. Saa tisa alasiri inagonga, na saa tisa geti linafungwa, hiyo ni sheria. Mironas kwa sheria alikuwa mkali ajabu. Aliwaacha wageni mezani katikati ya wimbo, akaenda kulifunga, akarudi akawaambia kwa huzuni ya kweli kwamba leo haiwezekani tena, waje kesho. Wageni walimbusu masharubu, wakajikunja kulala chini ya mzabibu.

Usidhani alikuwa anafanya makusudi. Kila asubuhi alilifungua geti, akatia mafuta kwenye kufuli, akafagia kijia mpaka kizingiti. Alitamani sana watu wayaone. Ila hakuona njia ya kumruhusu binadamu apande kilima juani akiwa na tumbo tupu, halafu watu wa kijiji waseme nini?

Mkamwana wake alikuwa na simu ya kisasa, akimsomea wanayoyaandika wageni huko mtandaoni. Kutoka Denmaki, kutoka Uholanzi, kutoka wapi sijui, wote walisifu. Mahali pazuri kuliko pote kisiwani. Usikose. Sisi magofu hatukuyaona. Mironas aliposikia hivyo alivuta masharubu akasema unaona, sifa za Trohalos zimevuka bahari.

Kilichomharibia ni mwalimu mmoja wa Kijerumani. Huyu alikuja kiangazi kimoja, akalishwa. Akarudi kiangazi cha pili, akalishwa zaidi, maana sasa alikuwa rafiki. Akarudi cha tatu na mke, mama mkwe na kitabu kinene cha historia, wakachinjiwa mwanakondoo. Alipofika kwao, aliiandikia ofisi ya mambo ya kale ya Krete kulalamika. Alisema mwanakondoo hana mfano, na yeye hana ugomvi na mtu, lakini anaanza kuamini kwamba hicho kilima hakina kitu.

Ofisi ikapiga simu. Sauti ya huko ilisema wanamtuma mkaguzi, mwanamke, Bibi Evanthia. Ikiwa ni kweli kwamba wageni hawaoneshwi magofu, kituo kitafungwa, ufunguo utapelekwa mjini, na watu waelekezwe kwenye majumba makubwa ya pwani ambako walinzi wanafanya kazi. Mironas akauliza anakuja lini. Akaambiwa tarehe nane mwezi wa nane.

Akahesabu kwa vidole. Tarehe nane mwezi wa nane ni siku ya Mtakatifu Mironas.

Kule siku ya kuzaliwa ni mambo ya watoto. Mtu mzima anasherehekea siku ya mtakatifu aliyempa jina, na hatumi mialiko. Anafungua mlango. Atakayeingia ameingia, awe ndugu, adui au fundi bomba, na atakula na kunywa mpaka aseme basi, na akisema basi haaminiwi. Mironas aliomba tarehe isogezwe. Sauti ikasema haisogezwi.

Usiku huo na uliofuata hakulala vizuri. Bila ufunguo angekuwa nani? Mzee mwenye kofia. Kondoo alishawagawa kwa wanawe, na walikuwa hawamkumbuki hata kwa harufu. Na baba yake aliitoa ardhi ile kwa ahadi moja tu, na ahadi hiyo ndiyo ule ufunguo uliokuwa umening'inia kwenye msumari jikoni. Ilipofika asubuhi akamtangazia mkewe mpango. Huyo mkaguzi akifika, hapewi kitu. Si raki, si zeituni, si tone la maji. Anapelekwa moja kwa moja getini, anapanda, anaona, anaandika.

Argiro aliweka kisu chini.

"Siku ya jina lako," akasema.

"Siku ya jina langu."

"Mtu aingie uani kwangu, ameendesha gari kutoka mjini Iraklio, watu wamekaa wanakula, yeye apite hivi hivi kama paka."

"Apite kama paka."

"Mironas, mama yangu alikufa akiniambia nimeolewa vizuri. Utamfufua."

Hakumsemesha tena mpaka sikukuu. Alipika, hiyo ni kweli, alipika kama anayelisha jeshi, lakini vyungu aliviweka mezani kwa kishindo.

Siku yenyewe ua ulijaa mapema. Kila aliyeingia alisema miaka mingi, Mironas, akambusu, akakaa. Katikati ya wote alikaa Sifis, ambaye alimsimamia Mironas harusi na kumbatizia mtoto wa kwanza. Watu wa namna hiyo huko huitana kumbaro, na kumbaro hana pa kukwepewa mpaka kaburini. Sifis alikuwa na tumbo la mtu ambaye hajawahi kukosa sikukuu ya mtu, na mdomo wa kufanana nalo. Habari za mpango alikuwa ameshazipata, kwa sababu Argiro alikuwa hasemi na mumewe, siyo na kijiji.

"Kumbaro," akaita kwa sauti ya kufika mpaka kanisani, "nasikia leo kuna mwanamke anakuja kwako na wewe utamnyima. Umri umefika, tunaelewa."

Ua mzima ulicheka. Mironas hakucheka. Alikuwa amesimama kwenye lango la ua, kofia kichwani, ufunguo mkononi, anatazama barabara.

Bibi Evanthia alifika kwenye gari dogo lililojaa vumbi. Mwanamke wa makamo, viatu vya kutembelea milimani, nywele kazifunga na kamba, uso wa mtu ambaye ameshasikia visingizio vyote vya walinzi na amevipa alama. Alitoa mkono akajitambulisha. Akachungulia ndani, akaona meza, akaona watu, akauliza kuna nini. Mironas hakuweza kudanganya mbele ya mashahidi wote wale, akasema ni siku ya jina lake.

"Miaka mingi, Bwana Mironas," akasema mkaguzi, na akasubiri.

Akasubiri kama mtu wa Krete anavyosubiri, mkono umelegea kidogo ubavuni tayari kwa glasi. Glasi haikuja. Bibi mmoja aliyekuwa amebeba sinia ya vitumbua vya jibini na asali alinyanyuka kwa mazoea tu, miguu yenyewe ilimpeleka, na Mironas akajitupa mbele yake kama golikipa. Sinia ikarudi.

"Twende juu, Bibi Evanthia," Mironas akasema. Sauti ilitoka imepasuka. "Jua linazidi."

Wakapita katikati ya meza. Mbuzi wa kuchoma alikuwa kulia, pilau la kupikwa kwa mchuzi wa nyama kushoto, na Mironas alitazama mbele tu kama askari kwenye gwaride la mazishi. Nyuma yake alimsikia Sifis akisema kwa upole, siyo kwa utani tena, kwamba hajawahi kuona jambo kama hili, hata wakati wa vita haikuwa hivi. Argiro alikuwa mlangoni amejifunika uso na aproni.

Walipolipita geti, mkaguzi akasimama.

"Mimi natoka Sfakia, Bwana Mironas. Unakujua Sfakia?"

Alikujua. Ni milima ambayo mtu akikutafuta akuue, ukifika kwake kwanza anakukaribisha chakula.

"Kwetu, mtu asiyetoa glasi siku ya jina lake, kuna kitu anaficha. Umeficha nini huko juu?"

"Sijaficha kitu."

"Mmeuza mitungi?"

Mironas aliutazama ufunguo. Katika kufikiri kwake kote, usiku ule wote aliokosa usingizi, jambo hili halikumpitia kichwani. Alijinyima heshima yake ili aokoe ufunguo, na sasa heshima imekwenda na ufunguo unafuata, tena unafuata na pingu. Alitaka kumwambia rudi, rudi tukale, nitakueleza. Lakini mkaguzi alikuwa ameshatangulia, anapanda haraka, mkoba unampiga mgongoni.

Kijia kilifagiliwa mpaka pale ufagio ulipokoma. Kuanzia hapo ilikuwa majani, yamesimama wima, hayajalaliwa na mguu. Mkaguzi aliyatazama, akamtazama Mironas. Vichaka vikavu vya zaatari, mmea wa harufu kali, viliwakwangua. Mjusi mmoja mnene aliyekuwa anaota jua katikati ya njia hakukimbia. Aliwatazama tu, hakuwa na habari kwamba watu wanakimbiwa.

Juu walitokea kwenye sakafu ya yule tajiri wa kale.

Kuta zilikuwa za kufika kiunoni, nyingine gotini. Mitungi ilikuwepo, yote, imepangwa kwenye chumba chake kama wazee kwenye mkutano, na Mironas akaanza kuionesha mmoja mmoja kwa ufunguo, huu hapa, na huu hapa, huu ndio baba alioutukana. Mkaguzi hakuwa anatazama mitungi. Alikuwa amepiga magoti. Alipuliza vumbi, akapangusa kwa kiganja, akapuliza tena. Chini ya vumbi ile sakafu ilikuwa nyekundu, chokaa nyekundu iliyosuguliwa, na pembeni yake ulipita mstari mweupe, mwembamba, mnyoofu, kama fundi kaondoka juzi kwenda kunywa kahawa.

Alikaa pale chini muda mrefu. Mironas alidhani anaumwa na jua, na moyo ulimuuma kwamba hana hata kikombe cha maji cha kumpa.

"Kwenye yale majumba makubwa ya pwani hii haipo," mkaguzi akasema, kama anajisemea. "Ilikuwepo walipofukua. Nimeona picha. Imekwisha kwa viatu."

Halafu akageuka, uso umebadilika, ila sauti ilikuwa bado ya kazini.

"Wageni wako wanapita wapi?"

"Hawapiti."

"Hawapiti kwa nini?"

Mironas alivua kofia. Aliona hakuna tena cha kuokoa, akasema ukweli.

"Wanakula."

Kisha Mironas akaendelea. Alimweleza yote. Mtu anafika amechoka, utamwacha vipi? Unampa glasi moja tu, unasema moja tu, halafu mke anatoka na sahani, na wewe unamjua mke. Alimweleza habari ya Mjerumani, kwamba walimpenda kweli, ndiyo maana ilikuwa inazidi kila mwaka. Alimweleza kwamba geti analifungua kila siku, hajakosa hata alipokuwa na homa, na kwamba leo alijitahidi kuwa mlinzi kama walinzi wengine, na angalia amepata nini, kijiji kizima chini pale kinamwona mchawi na yeye mkaguzi anamwona mwizi.

Bibi Evanthia alisimama, akajipangusa magoti. Alitembea kando kando ya ukuta, kwa uangalifu, akiweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama anayepita chumba cha mtoto aliyelala. Akafika ukingoni, ambako uani kwa Mironas palionekana pote: mzabibu, moshi wa nyama, na kijiji kizima kimeinua nyuso kuelekea juu.

"Tulikaa vikao mjini," akasema. "Tuweke kamba. Tuweke njia za mbao. Alikuja bwana mmoja na viatu vya kitambaa vya kuwavalisha watalii. Hakuna aliyetaja konokono."

Mironas hakujua kama hayo ni mashtaka au ni sifa.

"Ufunguo utabaki na wewe. Nitaandika kwamba sakafu ni nzima na mlinzi anajua kazi. Lakini siwezi kuandika kwamba wageni wanaoneshwa wakati hawaoneshwi. Kwa hiyo kuanzia leo utawauliza. Akifika mtu, kabla hajakaa, unamuuliza: utapanda kwanza au utakula kwanza? Akisema atapanda, unampandisha, mmoja mmoja, pembeni mwa ukuta, bila viatu. Akisema atakula, hiyo ni juu yake."

Mironas alianza kuvaa kofia, akasita. "Nimuulize mgeni?"

"Umuulize."

"Kwa mdomo wangu? Kama anataka kula?"

"Kwa mdomo wako, Bwana Mironas. Au nichukue ufunguo."

Walishuka. Njia nzima Mironas alikuwa anasogeza midomo bila sauti, anajaribu yale maneno, yanamkwama. Alikuwa amelilinda lile geti miaka yote kwa kofia na mafuta ya kufuli, na sasa serikali ilikuwa inamdai heshima yake. Walipofika getini watu wote uani walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekuwa anatafuna, hata Sifis, na hilo peke yake lilitosha kuwatisha wazee.

Mkaguzi alipita geti, akasimama katikati ya meza na barabara, mkoba begani. Hakukaa. Alikuwa anamtazama. Mironas akaelewa kwamba kazi imeanza.

Akavaa kofia yake. Akakohoa.

"Bibi Evanthia," akasema, na masikio yake yalikuwa mekundu kuliko ile sakafu, "kilima umeshapanda. Sasa utakwenda, au... utakula?"

Kwenye ua palisikika mtu akivuta pumzi. Argiro aliishika nguzo ya mzabibu. Sifis alifumba macho, akajifanyia ishara ya msalaba, polepole, kama anayemuaga kumbaro wake.

Mkaguzi alimtazama Mironas juu mpaka chini.

"Kwetu Sfakia," akasema, "kwa swali kama hilo watu wamehama kijiji."

Kisha akavuta kiti akakaa, akashusha mkoba, akanyoosha mkono bila kutazama pembeni, na safari hii glasi zilikuja kutoka pande zote kwa pamoja, zikagongana juu ya kichwa chake, ikabidi wazee waamue ipi itangulie. Bibi wa vitumbua alifika wa kwanza. Argiro alileta konokono, akamwekea mumewe sahani pia, akaiweka mezani taratibu. Sifis akamsogezea kumbaro kiti akamwambia kwa sauti ya chini kwamba amesamehewa, ila aombe Mungu jambo hili lisifike kijiji cha pili. Lilikuwa limeshafika. Mtu alikuwa amepiga simu.

Saa tisa ilipogonga kanisani, mkaguzi alikuwa katika sahani ya tatu, anabishana na padri kuhusu jibini la Sfakia. Mironas akaomba radhi, akanyanyuka, akaenda kufunga geti.